Maoni kwa Mama Mkubwa

Dagaa walikuwa na mchanga, na hilo silikani mpaka leo. Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Sikuwa na mama mwingine. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaokausha dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, na mimi nilikuwa afisa wa mradi uliowajengea chanja za waya za kuanikia. Chanja akaziacha tupu, akaanika chini kama alivyozoea.

Ningeweza kwenda kwake, nikamwamkia, nikala, kisha nikamvuta pembeni nikamwambia. Yeye ndivyo alivyonisema siku zote. Nilipokosa msiba wa jirani yake, alinifuata mpaka Buzuruga ninakoishi, akafunga mlango, akanichambua mpaka nikalia. Baadaye akauliza kama kuna unga, tukasonga ugali. Majirani hawakujua lolote.

Lakini ofisi yetu pale Nyamagana ilitaka maoni yote yaende kwa barua pepe, na bosi apate nakala. Na mimi, tuseme ukweli, niliogopa macho ya mama mkubwa. Nikaandika: "Uzembe wa mwenyekiti unahatarisha kikundi kizima." Bosi akanisifu kwa kuandika bila kumung'unya maneno. Nikafurahi, mjinga mimi.

Nilisahau jambo ambalo mwaloni kila mtu analijua. Barua pepe za kikundi hufunguliwa kwenye stesheneri ya Mkuyuni, na mama mkubwa husomewa. Siku hizi masikio yake ni mazito, kwa hiyo dada wa stesheneri alisoma kwa sauti kubwa, mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri kutoa kopi. Neno "uzembe" alilisoma mara mbili. Mama mkubwa ndiye aliyeomba alirudie.

Jumamosi nilikwenda. Njia nzima nililaani ofisi, nikamlaani bosi, mwisho nikabaki mimi mwenyewe wa kulaaniwa. Nilimkuta akianika juu ya chanja, kama nilivyoagiza. Hapakuwa na hata punje ya mchanga. Nikapiga magoti mbele ya wenzake.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa nguvu ili asikie.

Alisikia. Mkono ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kutandaza dagaa.

"Hiyo nayo andika, utume," alisema. "Nitasomewa."