Muhuri Kwenye Vitabu vya Watu

Vijana wa chuo chetu wananiogopa, nami sioni sababu ya kuwaondolea hofu. Wanaingia maktaba na simu zao, wanalalamika kwamba intaneti imekatika tangu asubuhi, kisha wanakaa kuitazama skrini kana kwamba itawaonea huruma. Nawaambia intaneti imekatika, macho hayajakatika, rafu ile pale. Juzi mmoja aliniuliza, kwa adabu sana, kama nimekuwapo tangu chuo kilipoanza. Nilimjibu kwamba chuo kilipoanza kilinikuta nimekaa.

Na ni kweli. Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, na kwa sababu nilikuwa mkali nilipewa pia ufunguo wa maktaba ya shule. Kilikuwa chumba kimoja tu, lakini kilijaa. Vita ilipopita, shule ilikuwa imeporwa mpaka bawaba za milango. Miezi michache baadaye nilinunua karanga katika soko la Kadutu, maman muuzaji akanifungia katika karatasi. Nilipozimaliza nikaona karatasi ile ni ukurasa wa kitabu chetu cha jometria. Muhuri wa shule ulikuwa pale pembeni, haukufutika hata kidogo. Nilirudi mbio. Chini ya meza yake palikuwa na kitabu chenyewe, na vingine vinne, na rundo la vingine visivyo na alama yoyote. Maman aliutazama muhuri, akautazama uso wangu, akanipa vile vitano. Rundo lingine alibaki nalo. Mimi niliyajua majalada yale kama ninavyojua sahani zangu za nyumbani, lakini ningemwonyesha nini? Tangu siku hiyo naamini kwamba kitabu kisichopigwa muhuri ni karatasi ya karanga inayosubiri zamu yake.

Chuo kilianza katika vyumba vitatu vya parokia, upande wa Kasha, huko juu ambako mvua ikinyesha njia inakuwa tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Vyuo vingine vilikuwapo mjini, siwezi kudanganya, lakini vilikuwa vichache na watoto walikuwa wengi. Zamani wenye uwezo waliwapeleka wao mbali. Sasa barabara za kwenda mbali zilikuwa zimekatwa na vita, na watoto wa wenye uwezo na wa wasio na uwezo walikuwa wamekaa pamoja barazani wakihesabu magari ya jeshi.

Rekta wetu wa kwanza, yaani mkuu wa chuo, alikuwa mwanasheria aliyesomea ng'ambo, akarudi wakati ambapo wenzake walikuwa wanaondoka. Watu walisema kichwa chake kimepata hitilafu. Alikuja nyumbani kwangu na viatu vyake mkononi kwa ajili ya tope, akaketi, akanieleza.

"Maman, bantu banaanza kurudia mu mashamba yabo," alisema. "Banakuta bengine njo banalima. Bahakimu bamekufa, bengine bamekimbia. Nani atabaamulia? Tukikosa hakimu, itakuwa panga."

Nilimwambia mimi ni mwalimu wa jiografia, sijui sheria. Akasema hanitafuti kwa sheria, ananitafuta kwa ukali. Hivyo ndivyo nilivyopewa maktaba ya chuo kikuu, na maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja lenye mlango mmoja.

Wanafunzi wa kwanza walikuja na viti vyao kutoka nyumbani, wakavirudisha jioni ili watu wao wapate pa kukalia. Maprofesa walitoka miji mingine. Profesa mmoja alifundisha somo zima kwa wiki mbili, tangu asubuhi mpaka sauti ilipomkauka, kisha akaondoka. Wanafunzi walinakili kila kitu kwa mkono. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kamituga, mama wa watoto wawili, aliyeandika kwa kasi hivi kwamba wengine walingoja amalize ndipo wanakili kwake. Huyo mumkumbuke, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Mwaka wa tano, kundi hilo la kwanza la sheria likiwa karibu kumaliza, habari ikaja kwamba mkaguzi wa wizara anatoka Kinshasa. Mpaka hapo tulifundisha kwa ruhusa ya muda. Mkaguzi akiridhika, chuo kingetambuliwa na diploma zao zingekuwa diploma. Asiporidhika, miaka yao mitano ingekuwa imepotea. Na jambo la kwanza ambalo mkaguzi huyu hukagua, tuliambiwa, ni maktaba.

Rekta akatoa wazo tuazime vitabu mjini. Sikulipenda. Nguo ya kuazima haisitiri matako, nilimwambia, naye akacheka, akasema heri hiyo kuliko kwenda uchi. Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba na yule mwanafunzi wa Kamituga, tukibeba magunia. Ndipo nilipojua kwamba Bukavu haikuwa imepoteza vitabu vyote. Watu walivitoa darini, walivitoa ndani ya mapipa ya maharage. Mzee mmoja alikuwa amefukia kamusi nyuma ya jikoni ndani ya ndoo yenye kifuniko, akaichimbua mbele yetu kama anachimbua viazi.

Nyumba iliyotupa vingi kuliko zote ilikuwa mtaa wa Muhumba. Alikaa humo mjane wa hakimu. Mume wake alichukuliwa nyumbani siku za kwanza za vita na hakurudi, wala mwili haukupatikana. Vitabu vyake vyote vya sheria mjane alikuwa amevishona ndani ya magodoro, na miaka yote ile yeye na watoto wake walilala juu yake. Vilijaza magunia manne. Pembeni mwa kurasa hakimu alikuwa ameandika maelezo yake kwa wino wa kijani, herufi ndogo, zimelala, hazisomeki.

"Juma moja," alisema yule mjane. "Nakuazima juma moja tu, maman. Usinitese."

Nilimwahidi juma moja.

Tulipanga vitabu kwenye rafu mpya zilizonuka rangi. Siku tatu kabla ya ukaguzi, rekta akaingia na kijiboksi, akakiweka mezani pangu. "Kashe yetu hii hapa, maman. Imetoka leo." Ulikuwa muhuri wa chuo, umechongwa vizuri, na jina letu zima limezunguka ukingo wake. Akatoka kwenda kusimamia mafundi wa paa.

Nilitazama muhuri, nikatazama rafu zilizojaa. Sijui niseme nini. Mkono ulianza wenyewe. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa hamsini, ukurasa wa mwisho, kama tulivyofundishwa. Nilipiga tangu asubuhi mpaka saa nane mchana bila kula, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu shule yangu iporwe. Watu huniuliza kama nilisahau kwamba vitabu ni vya kuazima. Na mimi nimejiuliza mara nyingi kama nilisahau au nilitaka kusahau.

Rekta aliporudi alifungua kitabu kimoja, akafungua cha pili, akakaa kwenye kiti changu.

"Maman," alisema taratibu, "hibi bitabu ni bya bantu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijaribu kufuta muhuri mmoja kwa raba nikatoboa ukurasa.

Mkaguzi akafika. Alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi, mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na Kiswahili alikijua vizuri. Alipita rafu nzima. Kisha akavuta kitabu kimoja cha sheria ya ardhi, akafungua ukurasa wa kwanza. Pale hakimu alipoweka sahihi yake kwa wino wa kijani, muhuri wangu ulikuwa umekaa juu yake kama kuku juu ya yai.

"Hiki kitabu ni cha nani?" aliuliza.

Rekta alitazama sakafu. Mimi ningeweza kusema ni chetu, muhuri ulikuwa shahidi wangu. Lakini nilifundisha watoto miaka mingi wasiseme uongo, na ulimi wangu haukuzoea. Nikamweleza yote, hata karanga za Kadutu.

Hakukasirika. Alikirudisha kitabu mahali pake. "Katika ripoti yangu naandika vitabu vya chuo," alisema. "Vya kuazima sitaandika. Narudi baada ya mwezi mmoja, maman. Nikikuta rafu ya sheria haina kitu, hao wa mwaka wa mwisho watafute chuo kingine."

Wanafunzi walikuwa wamesimama nje, wamesikia. Nilipita katikati yao sikuweza kuwatazama. Niliona aibu ya mtu mzima, ile ambayo hata kulia huwezi.

Kesho yake nilianza kurudisha, nyumba kwa nyumba, nikiomba msamaha. Wengine walicheka wakasema basi kaa nacho. Mzee wa ndoo alichukua kamusi yake, na hakunisalimia mwaka mzima, na alikuwa na haki. Lakini Muhumba sikwenda. Juma moja likawa mawili. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nilikuwa na kazi nyingine. Nilijua kwamba magunia yale manne ndiyo Kitivo cha Sheria, hakikuwa na kitu kingine.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Alipanda mlima wa Kasha kwa mguu, nyuma yake wachukuzi wawili na magunia matupu. Hakukaa. Alivuta kitabu cha kwanza, akakifungua, akaona.

"Hii ni nini?"

"Nilikosa, maman. Minakuomba musamaha."

"Hatukumuzika," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na hiyo ilinitisha kuliko kelele. "Unasikia? Hatukumuzika. Sinyatire yake, hii ya wino, njo ilibakia. Na weye umeifunika."

Nilianza kuteremsha vitabu vyake kutoka kwenye rafu, nikimpa mchukuzi kimoja kimoja, na machozi yalinitoka, na wachukuzi waliona.

Gunia la nne lilipokaribia kujaa, kilikosekana kitabu kimoja. Kilikuwa mezani kule mwisho, mbele ya yule mwanafunzi wa Kamituga. Alikuwa ameinama anaandika, hakujua nani ameingia. Mjane alikwenda akasimama nyuma yake. Na mimi nilikwenda, nikifikiri lazima nimnusuru mmoja wao.

Mwanafunzi hakuwa ananakili kitabu. Daftari lake lilikuwa limejaa yale maelezo ya pembeni, ya wino wa kijani, na kila neno ambalo hakuweza kulisoma aliacha nafasi. Nafasi zilikuwa nyingi kuliko maneno.

Akainua kichwa, akaona mtu mzima, akadhani ni mwalimu mgeni. "Maman, unisaidie," alisema. "Huyu muzee aliandika maneno ya maana sana, mashauri ya kweli ya mashamba ya huku kwetu, na namuna aliamua. Mu kitabu yenyewe haimo. Lakini mukono yake! Hapa anasema nini?"

Mjane alitazama kidole cha mwanafunzi. Kisha akasoma, bila kusita hata mara moja, sentensi nzima, na ile iliyofuata. Ilihusu mjane mmoja wa Mwenga na shemeji zake waliotaka shamba, na kwa nini hakimu aliwanyima.

"Alinisomea hiyo jioni moja," alisema. "Alikuwa anauliza kama ameamua bizuri."

"Na ulimujibu nini, maman?"

Akavuta kiti. Nilitegemea atakaa dakika tano. Wanafunzi wengine walisogea mmoja mmoja na madaftari yao, na yeye alisoma mpaka wachukuzi walipochoka kungoja wakaniuliza wafanye nini. Niliwaambia wakae kimya. Jua lilipofika juu ya milima upande wa magharibi alisimama, akasema atarudi, na magunia yake akayaacha pale pale mlangoni, yamejaa. Sikuthubutu kuyafungua. Siku alipokuja tena, yeye mwenyewe alianza kupanga vitabu kwenye rafu, na akaniambia nimevipanga vibaya, mume wake hakuvipanga hivyo. Nilimwacha apange, na tangu hapo alikuja mara mbili kwa juma kuwasomea wanafunzi.

Leo wale wa kundi la kwanza wako mahakamani, wako ofisini. Yule wa Kamituga ni hakimu kwao, na vita, ambayo bado inaijua njia ya kuja kwetu, haijamtoa kitini. Mimi nawaona wakipita na sasa siwaonei aibu tena.

Lakini siku ile mkaguzi aliporudi, hatukuwa tumejua lolote. Tulimfuata kwa macho wakati anapita rafu, rekta mkono kinywani, mjane kwenye benchi lake kati ya wanafunzi. Alivuta kile kile kitabu cha sheria ya ardhi. Alifungua ukurasa wa kwanza, akauona muhuri, akaiona sahihi chini yake.

"Hiki ni cha nani?"

Nilifungua mdomo. Mjane akanitangulia.

"Ni ya bwana yangu, papa. Anafundisha hapa."

Mkaguzi alimtazama, akawatazama wanafunzi, na madaftari. Akatoa kalamu, akauliza anafundisha siku gani.

"Mardi na vendredi," alisema mjane, "kuanzia saa munane."

Mkaguzi akaandika: Jumanne na Ijumaa, saa nane.