Mikeka ya Bibi Isiyotandikwa

Juzi nilikwenda Kipungani kwa hitima ya shangazi yangu. Nikakaribishwa ndani, nikavua viatu, nikakaa. Chini yangu palikuwa na mkeka wa plastiki wenye maua ya buluu, wa aina ile inayokunata miguuni ukitoka jasho. Nikamwuliza binti wa kaka yangu kama nyumba nzima haina mkeka wa ukindu. Akacheka kwa adabu, akasema, "Shangazi, nani ana subira ya ukindu sasa?" Sikwenda pale kuwasomesha wafiwa. Lakini wewe tumejuana siku nyingi, na chai yako bado ina moto, kwa hivyo nitakwambia.

Bibi yangu, mamake mama, alizaliwa kijijini humo na akafia humo. Umri wake hakuna aliyeujua. Mwenyewe alihesabu kwa waume, ambao walikuwa wawili na wote aliwazika, na kwa watoto, ambao walikuwa sita na akabakia mama yangu peke yake. Nilipopata akili, miaka ya hamsini ilipoanza, alikwisha kuwa mzee wa mgongo uliopinda, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia. Baba alikuwa akikata boriti kwenye mikoko, haonekani wiki kwa wiki, basi nyumba ilikuwa yetu wanawake watatu.

Kipungani kila mwanamke alisuka, hilo halikuwa la kujisifia. Ukindu ulianikwa, ukachanwa, ukachemshwa na rangi katika sufuria iliyoharibika, ukasukwa utepe mrefu tuliouita shupatu, kisha mashupatu yakashonwa ubavu kwa ubavu mpaka yawe mkeka. Kazi ngumu iko hapo kwenye kushona. Nakshi ya shupatu hili lazima ikutane na nakshi ya lile, kama sivyo mkeka mzima unaonekana umekosana wenyewe kwa wenyewe. Wengine walisuka nakshi walizofunzwa na mama zao. Bibi alibuni zake. Asubuhi akimaliza kula mofa na chai ya tangawizi, alitoka akaangalia mchanga, akaangalia magamba ya samaki, akaangalia hata nyufa za ukuta, akarudi na kitu kichwani. Alikuwa na nakshi aliyoiita Nyayo za Kaa. Nyingine aliiita Jirani Kanuna, mistari miwili myeusi inayosogeleana halafu inapeana mgongo, aliyoibuni baada ya jirani kumnunia wiki nzima kwa sababu ya kuku. Jirani alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaagiza mkeka huo huo. Watu wa mjini Amu wakioza binti walituma kwa bibi kabla ya kutuma kwa mpishi.

Macho yake yalianza kuingia ukungu nilipokuwa na miaka minane hivi. Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi, nikiwa nimetoka chuoni na msahafu bado uko kifuani.

"Ndoo hapa," akasema, akinivuta karibu. "Mato yangu hayanitoshi. Utaniwekea mwekundu kulia, mweusi kushoto, mweupe katikati. Mikono itajua iliyobaki. Wala usimwambie mamako."

Nikawa macho yake. Sitasema uongo, nilijiona mtu mkubwa. Kila alasiri nilipanga mafungu matatu kwenye magoti yake, naye akasuka huku akinisimulia habari za watu waliokufa zamani kana kwamba wametoka sasa hivi kununua chumvi. Miezi ikapita hivyo na hakuna aliyegundua.

Kisha ikaja kazi ya mkeka wa bibi harusi, kutoka nyumba moja kubwa ya Amu. Alasiri moja wenzangu walikuwa wakiniita kwenye pembea, wameifunga kamba mpya, nami nikapanga mafungu mbio mbio nikaenda zangu. Niliweka mweusi kulia na mwekundu kushoto. Niliporudi bibi alikuwa amesuka pima nzima na nakshi imegeuka kinyume. Niliiona. Ningesema siku ile, angefumua akasuka upya. Nikaogopa kofi, nikajifanya hamnazo, na kesho yake nikapanga vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alishona mwenyewe kwa kupapasa. Mkeka ulipokwisha akamwita mama autandike. Mama aliutandika, akasimama. Mpaka leo nauona mkono wake ukipanda kufunika mdomo. Katikati ya mkeka nakshi zilikatika, zikageukiana, hazikukutana popote. Bibi alikuwa amekaa pale pale, uso ameuinua, anatabasamu, anangoja.

"Umependeza, mama," mama akasema. "Mashallah."

Halafu akanitazama mimi, akanivuta jikoni. "Usinene neno," akaninong'oneza. "Ukinena utamuua."

Mama alikwenda Amu na mkeka, akarudi nao umefungwa ndani ya leso, akauficha uvunguni. Kwa bibi akasema wenyewe wameupenda sana na wamemwombea dua. Bibi akaitikia amina. Nililia usiku ule na nikaapa sitakosea tena. Na kweli sikukosea. Mkeka uliofuata nilipanga kila siku kwa mkono wangu, nikikaa kando yake bila kubanduka, pembea au hakuna pembea. Nakshi ikavunjika vile vile. Bibi alikuwa akipoteza hesabu. Alifika ukindu wa saba akarudi wa tatu, akasimama, akapapasa upya, akaendelea. Nilitamani kosa liwe langu, kwa maana kosa langu ningeweza kulirekebisha.

Habari zikaenea, kama zinavyoenea kisiwani, na watu wakaacha kuagiza. Bibi akauliza kila asubuhi, "Nani aliyetuma?" Ndipo mama akaanza kubuni yeye. Akasema kuna mtu wa Faza anataka mkeka wa kuswalia. Akasema kuna bibi harusi Pate. Ukindu nao haukuwa wa kuokota tu, baba aliuleta mara moja moja, kwa hivyo mama akafanya jambo ambalo sijasikia limefanywa nyumba nyingine yoyote. Bibi akilala baada ya adhuhuri, mama alitoa mashupatu ya jana, akayafumua ukindu mmoja mmoja, akauloweka, akaukunjua kwa kidole gumba, akaufunga ukindu mafungu upya. Mimi nilishika ncha. Alasiri bibi aliamka, akapewa mafungu, akasuka kwa ajili ya bibi harusi wa Pate.

Naye bibi hakuwa mtu wa kuridhika na nusu ya habari. Alitaka kujua yule wa Pate amezaa. Mama akasema amezaa. Mtoto gani? Wa kiume. Nani jina lake? Basi tukawa na watu tele ambao hawakuwapo duniani, wanaoa, wanazaa, wanaugua homa na kupona, nami ikabidi niwakumbuke wote nisije nikamzika mtu ambaye mama amemwoza. Siku nyingine nilimkuta mama ameegemea ukuta wa jikoni, macho mekundu, anasema ni moshi.

Iliendelea hivyo mwaka na zaidi. Alasiri moja mama alikuwa kisimani, nami nimepanga mafungu kama kawaida. Bibi alichukua ukindu mmoja, akaupitisha katikati ya vidole polepole, akavisimamisha pale penye mkunjo.

"Mwambie mamako atie mayi mangi, auloweke mpaka ulainike," akasema. "Huu ukindu nimeusuka mara ya tatu. Utakatika."

Nilitaka nchi ipasuke. Nikasema neno la kijinga ambalo mtoto tu ndiye angelisema. "Sasa mbona wasuka, bibi?"

"Nikikaa bure mamako hulia jikoni. Namsikia." Akatia ukindu kwenye shupatu, akauvuta. "Wala usimwambie kwamba najua. Haya, mweusi uko wapi?"

Nikampa mweusi. Sikumwambia mama atie maji mengi, maana ningemwambiaje? Alasiri baada ya alasiri nilikaa baina yao, huyu anasuka ili yule asilie, yule anafumua ili huyu asijue, na mimi niliyejua yote sikuwa na la kufanya ila kushika ncha. Ukindu ukachakaa ukawa unavunjika mikononi kama majani makavu. Bibi hakulalamika. Alifariki mwezi wa Shaabani, wakati wa alfajiri, na shupatu fupi lilikuwa limebaki kitandani pake.

Mikeka yake mizuri iliuzwa yote zamani, imeoza huko Amu katika vyumba vya watu. Ile ya mwisho tuliifumua kwa mikono yetu. Nimejaribu kusuka Jirani Kanuna mara nyingi, na kila mara ile mistari inanikataa inapofika mahali pa kupeana mgongo. Sasa vidole vyangu vimekakamaa, na hakuna wa kumwuliza.

Mama naye aliishi mpaka uzeeni. Siku za mwisho nilikuwa nikimlisha uji, akaniuliza ghafla, "Wadhani alijua?"

Nikamfuta mdomo. Nikamwambia hakujua. Akasema alhamdulillahi, akafungua kinywa kwa kijiko kingine.