Josho Liko, Sisi Hatuko

Juzi nilienda kumwona binti yangu chuo kikuu, nikakuta ukutani mwa maktaba ramani kuukuu ya mashamba ya kwetu, upande wa Kapsoya, ile yenye mistari ya kahawia inayozunguka vilima. Wacha nikuambie, rafiki yangu, nilisimama pale mpaka binti akaona aibu.

Ramani kama hiyo ndiyo mwalimu wetu wa jiografia alikuwa nayo, miaka ile ya maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni. Ilichorwa wakati wa wazungu. Shule ilikuwa nayo moja tu, kwa hivyo alituazima kwa zamu, tuisome nyumbani na kuirudisha asubuhi. Atakayeichafua, alisema, ataona cha mtema kuni. Na mkono wake tuliujua.

Zamu yangu ilipofika, nyanya yangu alikuwa anageuza githeri ya mahindi na maharagwe, jikoni kumejaa moshi. Yeye na babu walitoka Nyeri kununua kipande cha shamba mzungu alipoondoka. Nikaitandaza mezani, nikamwonyesha mto, barabara, josho la mifugo.

"Na sisi tuko wapi?"

Nikatafuta wee. Hatukuwepo.

"Ati nini? Ng'ombe wa mzungu wana pa kuogea, na mimi sina pa kulala?"

Nilitoka kuchota maji. Kurudi, nyanya ameshika kipande cha makaa, ameshachora nyumba, ghala la mahindi, hata zizi. Mungu wangu! Nikajaribu kufuta, ikazidi kuwa nyeusi. Nililia mpaka githeri ikapoa.

"Mwambie ni mimi," akasema. "Akitaka kuchapa, kwangu nimeshamwonyesha."

Asubuhi nilimpa mwalimu ramani. Aliiangalia, akaiangalia tena, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwambie nyanya amesahau choo."

Halafu akatoa penseli, akatupanga mstari, kila mtoto achore kwao kwenye ramani ile ile. Wa wafugaji, wa mwenye duka, wa fundi wa mashine ya kusaga posho, wote tuligombania ile penseli. Karatasi ikajaa.

Nyumba nyingi kati ya zile hazipo tena. Nyingine zilichomwa mwaka wa fujo za uchaguzi, watu wakahama na magodoro vichwani. Nyingine zimemezwa na maploti mji ulipopanuka. Inaniuma, sitakuficha. Lakini wengi wamerudi, wanajenga, na watoto wao wanasoma pamoja. Nikiwaona namkumbuka mwalimu akiwa ameinama juu ya karatasi. Hakutuuliza makabila wala tulikotoka. Alimuuliza kila mtoto swali moja: "Mlango wenu unaangalia wapi?"