Mke Mwenza wa Bibi

Mdogo wangu wa kike alikuwa kila akicheka sana, anaanguka. Miguu ilimlegea akaporomoka chini, fahamu zake anazo, kisha akainuka akijipangusa vumbi. Mchekeshaji alikuwa bibi yetu, mama yake baba, aliyemwita mke mwenza kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu: "Mke mwenzangu, mume wetu kaukataa ugali wako, una mabonge!" Mume mwenyewe ni babu. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Mahurunga, na utani huo ndio kitu pekee tulichofika nacho kikiwa kizima.

Kisha mdogo wangu alivimba bandama. Zahanati wakampa klorokwini ya malaria, tukaridhika, maana kwetu nani hakuwa na bandama? Kisha macho yakakataa kutazama chini. Akitaka kuona sahani, aliinamisha kichwa kizima. Mama akakata shauri kwamba utani ndio unaomdhuru mtoto, akamkataza mkwewe kumtania. Nyumba ikapoa. Nilimchukia mama kwa hilo.

Jioni moja mdogo wangu aliuliza, maneno yakimtoka kwa shida, "Mama, bibi kaniacha?"

Mama alikwenda kumwita bibi. Alitandika mkeka uani, akampakatisha bibi mtoto, akasema, "Haya mama, mtanieni."

Miaka mingi baadaye nilimsimulia daktari mmoja dalili zile. Alishuku ugonjwa wa kurithi kwa baba na mama. Kolesteroli, alisema, haiishii kuziba mishipa. Kila seli inaihitaji. Ikishaingia ndani hupitia kwenye vijifuko vidogo, na humo kuna protini ya kuitoa ili ipelekwe inakotakiwa. Protini hiyo ikiwa mbovu, mafuta hayo ya kolesteroli hurundikana humo humo, kwenye bandama, kwenye ini, kwenye ubongo. Nikakumbuka ghala la kijiji, korosho zimejaa hadi mlangoni na lori halitokei. Kicheko kilimwangusha tu, hakikumwua. Mama alikufa kabla sijalijua hilo nikamwambia, na linaniuma hadi leo.

Siku ya msiba wa mdogo wangu, bibi alisimama katikati ya wanawake. "Mke mwenza, mjanja wewe! Umenikimbia, umeniachia mzee nimpikie peke yangu!"

Wote wakamtazama mama. Mama akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikawa kilio, miguu ikamlegea, na bibi ndiye aliyemdaka.