Kaburi Lililouzwa Pamoja na Kanisa

Siku niliyorudi Garissa nikakuta sakafu ya saruji imemwagwa juu ya kaburi la binti yangu, siku hiyo siwezi kuisahau hata nikitaka. Saruji ilikuwa bado mbichi. Mafundi walikuwa wameifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji ili jua lisiipasue, na mmoja wao akaniambia kwa upole, "Mama, usikanyage hapo." Nikamuuliza kanisa liko wapi. Akatazamana na wenzake.

"Kanisa gani? Sisi tulikuta mabati makuukuu tu, tukayang'oa."

Nikakaa chini pale pale, mwanangu, juu ya rundo la kokoto, mkoba wa safari mapajani. Sikulia. Kilio kilikuja baadaye, na mpaka leo hakijaisha.

Nikueleze tangu mwanzo, maana wewe ni kijana na kesho watakupa uongozi wa kanisa, nawe utadhani ni kusimama mbele na kushika Biblia tu. Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa hivyo sina mahubiri. Nina niliyoyaona kwa macho.

Nilifika Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimeolewa juzi tu, mume wangu dereva katika ofisi ya maji. Wakati ule mtu akisafiri kwenda Nairobi alisema anaenda Kenya, na ukirudi unaulizwa, "Habari ya Kenya?" kama umevuka mpaka. Sisi wa bara tulikuwa wachache: walimu, makarani, wauguzi, askari, wauza nyanya. Wabaptisti tukatafutana. Tulianza kusali sebuleni kwa Mutinda, afisa mkubwa wa serikali, Mkamba kama mimi na mume wangu, mwenye sauti ya kujaza nyumba. Watu wakazidi mpaka wengine wakaketi nje barazani. Waliookoka tuliwapeleka mto Tana kubatizwa, kwa kuwa kwetu mtu hanyunyiziwi maji, anazamishwa mzima mzima, na vijana wanasimama ukingoni na mawe mkononi wakiangalia mamba. Mwalimu mmoja mnene aliibuka majini akikimbia, akasema Roho amemshukia, kumbe ni gogo limemgusa mguu. Tulicheka wiki nzima. Nakwambia hayo ujue kwamba palikuwa na furaha, lisije likaonekana ni kanisa lililozaliwa limekufa.

Kisha tukataka kiwanja. Tuliogopa kwamba tukitaja kanisa kwenye maombi yetu tutanyimwa, maana mji ni wa Waislamu. Hakuna aliyekuwa ametukataza. Tulijitisha wenyewe. Mutinda akasema, "Niachieni mimi. Nitaomba kama plot yangu ya nyumba, halafu tutabadilisha jina." Wabaptisti hatuna askofu wa kuamua, washirika ndio wenye neno. Tukainua mikono sote. Kiwanja kikatoka upande wa Galbet kwa jina lake, tukasimamisha kanisa la mabati na mabenchi ya mbao, na ile halafu ya kubadilisha jina haikufika.

Unauliza mbona hatukuifuatilia. Kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anangoja transfa. Jirani yangu Mama Halima alinitania siku moja akitazama jikoni kwangu. "Abaayo," akaniambia, na maana yake ni dada, "nyinyi watu wa Kenya mnakaa kama abiria. Hata sufuria kubwa hamnunui."

"Nitanunua nikirudi kwetu," nikamjibu.

"Na ukifia hapa?"

"Nitapelekwa kwetu."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Mtu wa bara hazikwi Garissa. Akifa mtu, tunachanga, gari linakodiwa, maiti inapanda barabara kwenda kwao.

Basi ikaja ile mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba. Mto ukafurika, barabara ikakatika, malori yakazama matopeni, na mbu wakawa kama moshi. Mwende, binti yangu, akashikwa na homa. Alikuwa ameanza tu kuimba na watoto wa Jumapili. Akafa mikononi mwangu hospitalini, na gari la kumpeleka kwetu Mwingi halikuwepo, wala makaburi ya serikali hayakuingilika kwa maji. Mutinda mwenyewe ndiye aliyesema azikwe uani pa kanisa, nyuma ya ukuta wa mabati, palipoinuka. Wanjohi, shemasi wetu, alisaidia kuchimba. Mutinda akaomba, akanishika bega, akasema mbele ya watu wote, "Mama Mwende, hapa ni nyumba ya Mungu. Hakuna atakayemsumbua mtoto huyu." Nilimwamini. Ningeacha kumwamini vipi?

Mwaka uliofuata mama mkwe aliugua, nikaenda Mwingi kumuuguza miezi kadhaa, na mume wangu alikuwa barabarani muda wote na gari la ofisi. Nikiwa huko Mutinda alipata transfa. Akauza kiwanja. Wanjohi akawa shahidi wake, akawaambia washirika kwamba kanisa linahamia darasa la shule kwa muda. Darasani walisali Jumapili chache, wakapungua. Wengine walihamishwa, wengine wakaenda madhehebu mengine, na Wanjohi naye akaondoka. Kanisa likaisha hivyo, bila mtu kulizika.

Mnunuzi alikuwa Haji Nuur, mfanyabiashara. Nilimwendea nikiwa nimejaa maneno mabaya, nikiona yeye ndiye adui. Aliponisikia akaketi, akafunika uso kwa mikono.

"Mama, wallahi mimi nilionyeshwa ardhi tupu. Yule mzee alisema mabati ni stoo yake. Kaburi ni kaburi, liwe la Mwislamu au la Mkristo. Ningejua, nisingenunua."

"Basi livunjwe, nimtoe mwanangu."

"Nitavunja. Lakini kwa neno lako peke yako, kesho atakuja mwingine na kaburi lake. Mlete aliyeniuzia asimame hapa, aseme mbele yangu kuna mtoto na aonyeshe mahali. Siku hiyo hiyo nitaita mafundi."

Nikamfuata Mutinda mpaka kwao, nikamwomba aje aseme hivyo mbele ya Haji. Sasa ni mzee wa kanisa huko, anagawa meza ya Bwana. Alinipa chai. Akasema kwa ile sauti yake, "Mama Mwende, mtoto yuko mbinguni. Mbona unahangaikia udongo?"

"Kama udongo si kitu, mbona uliuuza?"

Alimwita mkewe aniongezee chai.

Nikaenda kwa wakubwa wa Wabaptisti. Wakanisikiliza vizuri, wakaniambia kila kanisa linajitegemea, hakuna aliye juu yake, niwarudishe washirika wangu wakae wapige kura. Washirika wepi? Nilibaki peke yangu. Mume wangu naye alipata transfa akaenda, akaniambia nikichoka nimfuate. Sijamfuata. Ninauza chai ng'ambo ya stoo ambayo Haji aliijenga juu ya ile sakafu, na kila asubuhi naona magunia ya sukari yakiingizwa juu ya mtoto wangu. Mama Halima amechoka kunifariji, sasa ananiletea maziwa tu na kuketi nami.

Mwanangu, shika haya. Mali ya kanisa isiandikwe jina la mtu, hata awe anaomba mpaka jasho linamtoka. Usimwendee Mungu kwa kujificha nyuma ya uongo mdogo, maana uongo huo una mwenyewe, na atakuja kuudai. Na ukipelekwa ugenini, kaa kama mkaaji. Uliza, fuatilia, jua jirani yako ni nani. Sisi tulikaa kama watu wa kuondoka, na aliyebaki kweli ni mtoto mmoja.

Mungu akupe mahali pa kuita kwako, na watu wa kusimama nawe hapo mambo yakiharibika. Mimi sikuwapata, lakini nakuombea wewe.

Na wewe Mutinda, na wewe Wanjohi, najua haya yatawafikia, maana kanisani watu huambiana. Haji yuko tayari na nyundo yake. Siombi fidia, siombi samahani. Njooni Garissa msimame kwenye ile sakafu, mseme kwa vinywa vyenu, mbele yangu na mbele yake, mlimzika nani na ni wapi.