Kiti cha Kustaafu cha Baba Mdogo

Katika kiwanda cha mawese nilikofanya kazi na baba yangu mdogo, hapa Rumonge, anayestaafu hupewa kiti cha mbao chenye mikono. Wenzake huchanga, seremala hutengeneza, na siku ya mwisho mzee hukalishwa na kupigiwa makofi.

Baba mdogo alikalishwa akiwa bado na nguvu za kubeba mikungu ya chikichi begani. Ziwa lilikuwa limepanda hadi chumbani kwake, na kuta za matofali mabichi zilikuwa zinalegea kama uji. Ilibidi ajenge juu zaidi. Akiba haiozi, na yake ilikuwepo kwenye mfuko wa wafanyakazi, ila kanuni ilisema haitoki kabla ya uzee, isipokuwa kwa anayeacha kazi.

"Basi nafanya demisiyo, naacha kazi," aliniambia. "Retrete ya uzeeni iko mbali, maji iko kwa kitanda."

Anayelala majini humhubirii uzee.

Aliacha kazi Ijumaa, akapewa kiti, tukala samaki wa mukeke wa kuchoma na kucheka sana, maana kila mtu alijua Jumatatu atarudi. Alirudi kweli, lakini kama kibarua, na vibarua hawamo kwenye mfuko. Nyumba aliijenga, na hadi leo ni kavu. Ila kanuni ilikuwa imempa akiba yote kwa mkupuo, na iliyobaki baada ya mabati ikaishia kwenye ada na misiba, kama pesa yoyote inayolala nyumbani.

Wengine walimfuata, huyu ana mgonjwa, yule ana mtoto wa sekondari. Seremala alinawiri. Mwishowe kanuni ikabadilishwa: mtu achukue sehemu kwa ajili ya nyumba au ugonjwa, abaki kazini, na sehemu nyingine ifungwe mpaka uzeeni. Ni kanuni nzuri. Inaniuma tu kwamba ile ya kwanza, iliyotungwa kumlinda mzee, ndiyo iliyomtoa kazini angali na nguvu. Na vibarua bado wako nje.

Sasa magoti yake yamechoka, naye kila asubuhi yupo kwenye mapipa, anakoka moto wa kuchemshia chikichi. Juzi nilimuuliza kwa nini hapumziki, na kiti anacho.

"Kiti iko, mwanangu," alisema. "Pesa ya kula nikiikalia ndiyo haiko."