Wa Mbele Hayaoni Maji

Siku moja haijawahi kunitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa na umri kama wako, nimesimama juu ya tope hapa kijijini Qurus, na nyuma yangu mama yako amebebwa kwenye machela. Lakini nisiruke. Anayevuka mto huanzia ukingoni.

Wiki hii ulirudi kutoka shule umenuna. Ukasema mwalimu anawapotezea muda, anawafunga vitambaa machoni muongozane uwanjani kama watoto wa chekechea. Nilikuwa napepeta maharage, sikukujibu. Unamjua shangazi yako, maneno yangu huja polepole. Leo yamefika.

Jirani yetu alikuwa Bibi Paskalina, mjane, miguu yake imechoka kwa baridi ya huku. Jumamosi jioni alikuwa akituita watoto wa majirani na kutupatia blanketi lake kuukuu. Tulilishika kingo zote, katikati tukaweka beseni lililojaa maji ya bomba la bondeni, tukalipandisha hadi jikoni kwake.

"Yakifika, nawapikia makande," alisema. "Yakimwagika, tutakula hadithi."

Mwanzoni tulikula hadithi tu. Elibariki, mkubwa wetu, alitaka kukimbia. Wa nyuma walimcheka, na wa mbele wakawasema wa nyuma. Mimi nilikuwa mbele, kimya, naangalia njia. Jioni moja Elibariki akatumbukiza mguu kwenye shimo la fuko, beseni likapinduka, sote tukalowa.

Bibi hakumgombeza Elibariki. Alinigeukia mimi.

"Rejina, shimo hukuliona?"

"Nililiona, Bibi."

"Ukafanyaje? Ukalisalimia, ukapita?"

Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Bibi akanivuta kwake, akanifuta maji usoni kwa khanga yake, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, wa mbele hayaoni maji, na wa nyuma haioni njia. Ukinyamaza na ulichokiona, umewafumba macho wenzako. Na wewe Elibariki, mwenzako akisema, mjibu umesikia. Asiyejibiwa huchoka kusema."

Basi tukajifunza upya. "Shimo kushoto!" "Nimesikia!" "Maji yanaegemea kwako, inua!" "Nimesikia!" Wapita njia walituita vichaa wa beseni. Sauti yangu ilikuwa ya kifaranga aliyenyeshewa, lakini ilitoka. Na makande yale, mwanangu, mpaka leo sijaonja mengine mfano wake.

Miaka ikapita, ikaja masika ile. Uchungu ulimshika mama yako asubuhi, kabla siku zake za kujifungua hazijafika, na ukungu umeshuka hata mbuzi aliyefungwa mlangoni haonekani. Baba yako alikuwa mbali kikazi, huko Wasso. Dereva wa gari tuliloliita akapiga simu: amekwama kule chini, udongo umekuwa sabuni, hawezi kupanda. Pikipiki ndiyo kabisa. Bibi Paskalina akatoa blanketi lake, likafungwa kwenye miti miwili, mama yako akalazwa humo. Wabebaji walikuwa walewale wa beseni, sasa wameota mabega. Mimi nilitangulia na fimbo, nikipima tope.

Mama yako alikuwa analia. Kilio cha mzazi kinaumiza, na kinaharakisha miguu.

"Kazeni mwendo, jamani, tutachelewa!" alisema Elibariki, na wote wakakaza.

Hapo ndipo fimbo yangu ilipozama bila kugusa chini. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa njia, na upande ule ni korongo. Mimi ni nani niwasimamishe vijana wakubwa, na mgonjwa analia? Nikamsikia Bibi masikioni: ukalisalimia, ukapita?

"Simameni!" nilipiga kelele. "Njia imekatika kulia!"

Kisha ndani ya ukungu ikaja sauti ya Elibariki, anahema, "Nimesikia." Na wa nyuma yake, "Nimesikia." Na mwingine, na mwingine. Mwishowe mama yako, katikati ya maumivu, akasema kutoka kwenye blanketi, "Hata mimi nimesikia! Sasa tunalala hapa?"

Vijana wakacheka, na kicheko kile kikarudisha miguu yao kwenye hatua moja. Tukazungukia shambani kwa jirani, juu ya mahindi yake machanga, mimi nasema, wao wanajibu, hadi kwenye gari. Mchana ule wewe ulizaliwa hospitalini, ukapiga kelele kutushinda sote. Jirani tuliyemkanyagia mahindi alikuja kukuona, akakuletea kuku.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho mwalimu akikufunga kitambaa, usinune. Ule si mchezo wa kupoteza muda. Siku ya ukungu haipigi hodi, na ikifika hakuna nafasi ya kuanza kufundishana namna ya kuitana. Ukiona, sema, hata kama sauti inatetemeka. Ukiambiwa, jibu. Na akiwepo kati yenu mkimya kama mimi, msogelee umuulize ameona nini. Huenda shimo ameshaliona, anangoja mtu wa kumsikia.

Mungu akupe macho ya kuwaonea wenzako njia, na wenzako wa kukutazamia maji yako. Na popote utakapoita ndani ya ukungu, usikose wa kukujibu, "Nimesikia."